Kipanya cha mbao na mpira wa pool

Jamani, nimerudi. Wiki mbili nilijifungia chumbani nikijaribu kuunda kipanya cha kompyuta kama kile cha kwanza, alichobuni Douglas Engelbart kule California na Bill English akakiunda mwaka 1964: kigogo cha mbao, kitufe kimoja, na chini magurudumu mawili yaliyokingamana. Moja linasoma kulia na kushoto, jingine mbele na nyuma.

Kwenye karatasi, mteremko. Mezani sasa! Ukisukuma kimshazari, kila gurudumu linazunguka kidogo na kuburuzika kidogo, basi mshale kwenye skrini unatembea kama mlevi. Na kifundo cha mkono kikaanza kuniuma.

Nikageuza mambo: mpira ukae juu, vidole ndivyo viusukume. Si wazo langu, Jeshi la Majini la Canada walitumia mpira wa bowling kazi hiyohiyo mwaka 1952. Mimi nikambembeleza mwenye meza ya pool hapa mtaani, akanipa namba 3 uliopasuka kidogo (namba 8 aliukatalia kabisa). Nimeuweka juu ya gololi tatu za chuma, na chini yake jicho la kusoma mwendo nililolitoa kwenye kipanya kilichokufa.

Haukusomeka! Jicho lile hulinganisha picha za uso linaoutazama, na mpira unang'aa rangi moja tupu. Nikaupiga msasa nusu saa nzima ili upate mikwaruzo ya kusomeka, nikaurudisha.

Mshale umetembea. Kulia nikisukuma kushoto, lakini umetembea.