Maharagwe ya sufuria na maharagwe ya shamba

Vuli iliyopita nilipanda gorogoro mbili za maharagwe kwenye kishamba chetu Machakos, yakaota kama meno ya mzee: moja hapa, jingine kule. Nililaumu mvua, nikalaumu kuku wa jirani. Mama mkwe alipotutembelea alifukua shimo moja kwa kidole, akatoa punje iliyooza, akaniuliza nilikoinunua. Nikamwambia sokoni.

"Mwanangu," akasema, "hizo zilikuwa za sufuria, si za shamba."

Jioni akaniambia nimwage yaliyobaki kwenye ungo, niloweke machache hadi asubuhi. Punje iliyolowa humenyeka kwa kucha. Nilivua ngozi, nikatenganisha zile pande mbili nene, na pale karibu na kovu, mahali punje ilipokuwa imeshikamana na ganda, nikauona mmea mzima umejikunja: vijani viwili vyeupe na kimzizi kilichochongoka. Nimekula maharagwe maisha yangu yote bila kujua kuna mtoto ndani! Zile pande mbili, kotiledoni, ndizo chakula alichofungiwa njiani. Mche huzinyonya mpaka majani yake yaweze kujilisha kwa jua.

Kisha tukatazama zilizotobolewa. Punje iliyobunguliwa kwenye kotiledoni peke yake inaweza kuota, ila mche huwa dhaifu. Mdudu akila kimzizi, umepanda ngozi tupu.

Lakini mama mkwe alikuwa ameshatoa hukumu kwamba ni za zamani kabla hata ya kuziloweka, kwa rangi tu. Nyingi zilikuwa za aina iitwayo mwitemania. Mwitemania mpya ni ya krimu yenye madoa ya kahawia. Yangu yalikuwa yamegeuka kahawia kote, madoa ukiyaona ni kwa kukodoa macho. Ngozi yake ina tanini, ile kemikali yenye ukakasi kama wa majani ya chai, na kadiri inavyokaa ikipigwa na hewa ndivyo rangi inavyokolea. Tanini si mbaya, lakini. Kwenye maharagwe ya rangi kama wairimu, yale mekundu, husaidia punje kuhimili ukungu udongoni. Meupe hunywa maji haraka, hupasuka, na udongo ukiwa wa baridi na umelowa huoza upesi.

Kwenye ungo kulikuwa na rangi tatu, nami nikadhani ni mambo ya chavua, kama mahindi. Hindi moja laweza kuwa na punje nyeupe na za njano kwa sababu njano iko ndani, kwenye chakula cha punje, na kila punje hupata chavua yake, hata ikitoka shamba la jirani. Maharagwe sivyo. Ngozi yake hushonwa na mama, kwa hiyo mche mmoja huzaa punje za rangi moja. Rangi tatu maana yake mtu alichanganya magunia, pengine ya miaka tofauti.

Kabla ya masika nilihesabu punje 50 kutoka kwenye ule ungo, nikazifunga ndani ya gazeti lililolowa, nikaziweka kwenye bakuli lenye kifuniko. Siku ya saba zilikuwa zimeota 19. Nikajaribu nyingine 50 za jirani aliyevuna Februari: 44. Hizo ndizo nilizopanda, mbili kila shimo, na safari hii mistari ilionekana kutoka barabarani.

Mavuno niliyaanika mpaka punje ikigusana na jino inavunjika badala ya kubonyea. Za mbegu nikazijaza kwenye mtungi wa lita 20 hadi shingoni na kukaza kifuniko, ili mdudu aliyejificha akose hewa.

Yale ya kahawia tuliyapika Jumapili. Yalikula makaa tangu asubuhi, na saa nane mchana mama mkwe alikuwa bado anauma moja na kutikisa kichwa. Hata ya sufuria hayakuwa.