Kamba Iliyofungwa Mtini: Kuhusu Filamu ya The Hurricane

Wiki hii nimeitazama kwa mara ya tatu filamu ya The Hurricane, iliyoongozwa na John Ford mwaka 1937, na nimezidi kuamini kwamba tumezoea kuisifu kwa nusu tu ya sifa zake. Kila anayeitaja huanza na kimbunga. Kwangu mimi, kimbunga kile kinatisha kwa sababu ya yote yaliyokitangulia.

Terangi (Jon Hall), kijana wa kisiwa cha kubuniwa cha Manakoora katika Pasifiki ya Kusini, ni nahodha msaidizi wa merikebu ya matanga, naye huionea fahari kofia yake ya kazi hata anaamini kwamba akiivaa kule Tahiti huwa sawa na Mzungu yeyote. Muda mfupi baada ya kumwoa Marama (Dorothy Lamour), anatukanwa baani huko Tahiti, anampiga aliyemtukana, na anahukumiwa kifungo cha miezi 6. Kofia haikumsaidia kitu. Kila anapojaribu kutoroka ili amrudie mkewe, kifungo kinaongezwa, hadi kinafikia miaka 16, huku gavana wa Kifaransa, DeLaage (Raymond Massey), akikataa kumwombea arudishwe nyumbani, ingawa mkewe mwenyewe, daktari na padri wanamsihi. Kwa sehemu kubwa ya hadithi wapenzi hawa hawako pamoja, na mtoto wao anazaliwa baba akiwa gerezani. Mapenzi yao tunayaona katika kila ukuta ambao Terangi anauparamia.

Linaniuma, nalo halina budi kusemwa, kwamba Marama alipewa mwigizaji mzaliwa wa New Orleans, na kwamba watu wa visiwa wanachorwa kama watoto wasiojua hila. Hata hivyo, filamu haisiti kuionyesha sheria ya kikoloni kuwa katili.

Ndipo upepo unapoanza. Aliyeusanifu ni James Basevi, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameshiriki kuunda tetemeko la ardhi la filamu ya San Francisco. Kijiji kilijengwa studioni, kisha kikabomolewa kwa mashine kubwa za upepo na maji mengi, na Mary Astor, aliyeigiza mke wa gavana, aliandika baadaye jinsi mchanga ulivyowachapa nyuso hadi ukawaachia vidoa vidogo vya damu. Unaposikia mvumo ule ukizidi kupanda mpaka unameza sauti za watu, unaelewa kwa nini filamu ilipata tuzo ya Oscar ya kurekodi sauti. Kanisa lililojaa watu linasombwa na bahari. Terangi, aliyekwisha kutoroka na kurudi, anawafunga mkewe, bintiye na mke wa gavana kwenye mti mkubwa. Kamba inawabana wote pamoja, mke wa mfungwa na mke wa aliyemkatalia, huku mawimbi yakiwapiga.

Baada ya dhoruba, gavana anampata mkewe akiwa hai, kisha anainua darubini na kuona mtumbwi unaotokomea baharini. Mkewe anamwambia kwamba kile ni gogo tu linaloelea. Mtu huyu, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuipindisha sheria hata kidogo, anaitikia kwamba ndiyo, ni gogo.