Siku moja kwenye meza ya fundi kompyuta, Kariakoo

Saa 2 asubuhi nimeshafungua, na mashine ya kwanza ni ya dada mmoja wa Sinza anayehariri video za harusi. Usiku inapiga kazi bila shida, mchana inajizima. Alishaambiwa anunue prosesa mpya, yaani ubongo wa kompyuta. Nikamwomba asubiri kwanza.

Hili la joto watu wengi mjini hapa hawalipi uzito. Feni haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Prosesa inayofika nyuzi 85 kwenye chumba cha nyuzi 20, ukiileta Dar mwezi wa pili, chumba kikiwa nyuzi 32, itakimbilia 97. Nyingi zikifika kati ya 95 na 100 zinaanza kujipunguza kasi, na joto likizidi kupanda zinajizima. Ushauri unaousoma kutoka Ulaya, uongezee joto la kwetu.

Nafungua ubavu. Vumbi limeshikana na unyevu, limelala kwenye hitisinki, kile chuma cha kupooza prosesa, kama blanketi. Feni za mbele zimefungwa kinyume: zinatoa hewa nje, na ya nyuma nayo inatoa, kwa hiyo hewa safi inajipenyezea kwenye nyufa pamoja na vumbi. Ukitaka kujua feni inapuliza wapi, tafuta upande wenye vile vyuma vinavyoshikilia mota. Hewa hutokea huko. Nazigeuza. Kabla ya kupuliza vumbi kwa bloa nazuia mapanga ya feni kwa kidole, maana yakizungushwa kupita kiasi beringi inaumia. Kisha nafuta kwa spiriti pesti iliyokauka, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, naweka tone jipya katikati na kufunga skrubu kwa mshazari.

Saa 4 naipa video ndefu iichakate. Inatulia nyuzi 81. Prosesa ni ileile, hela ya dada imebaki mfukoni.

Saa 6 anaingia kijana wa chuo na Dell OptiPlex ya mtumba, ile nyembamba.

“Shikamoo, fundi. Nataka kuweka kadi ya gemu.”

“Marahaba. Powa sapulai yake, lile boksi la kuipa mashine umeme, ina wati ngapi, mdogo wangu?”

Hajui. Tunaisoma pamoja: 240, na haina waya wa ziada wa kadi. Sloti yenyewe, pale kadi inapochomekwa, haitoi zaidi ya wati 75, basi achague kadi fupi isiyohitaji waya, mfano GTX 1650 za aina hiyo. Hata hivyo namshauri aanze na SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kwa sababu bado anatumia diski ya zamani ya kuzunguka, kisha RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) mbili za GB 8 badala ya moja ya 16, zisome kwa njia mbili kwa pamoja. Na aangalie kama mashine yake inatumia RAM ya kizazi cha DDR3 au DDR4 kabla hajalipa, haziingiliani kabisa.

Chakula cha mchana wali maharage kwa mama ntilie, haraka haraka.

Saa 9 umeme unakatika mtaa mzima, na ukirudi, kaka wa duka la jirani ananiletea powa sapulai iliyotoa harufu ya kuungua. Kibandiko kinasema wati 500. Soma mstari wa volti 12, maana prosesa na kadi vinakula hapo: ampea 18. Zidisha kwa 12, unapata wati 216. Hiyo 500 imejumlishwa kutoka kwingine. Mtu akiniuliza asibane hela wapi, namjibu hapo, na kwenye UPS, betri ya akiba ya kumpa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima taratibu. Prosesa unaweza kubadilisha baadaye; powa sapulai mbovu inaweza kuondoka na madabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu.

Saa 11 jioni namalizia na mchora ramani mwenye prosesa ya zamani aina ya Ryzen kwenye madabodi ya B450. Hahitaji mashine mpya. Namsasishia BIOS, programu ya bodi inayoiwasha mashine, UPS ikiwa imechajiwa kabisa, kwa sababu umeme ukikata katikati ya hapo bodi inaweza kufa. Natoa prosesa ya zamani, naweka Ryzen 5 5600 aliyokuja nayo na kufunga hitisinki; inapowaka tena inaitambua. Naandika joto la prosesa na la chumba kwenye risiti, ili akirudi mwezi wa pili tulinganishe.