Kwa nini naiamini Sarafina kuliko Chicago

Nikisema mbele ya watu wanaojua sinema kwamba Sarafina inanishawishi kuliko Chicago, wananitazama kama mtu aliyetia sukari kwenye mchuzi wa samaki. Chicago, filamu ya mwaka 2002, ilibeba Oscar 6, na mojawapo ni ya filamu bora. Sarafina ya mwaka 1992 haikupata hata moja. Zote mbili zilikuwa michezo ya nyimbo ya jukwaani kabla ya kugeuzwa filamu. Sawa, nimekubali. Lakini mimi riziki yangu ni kushuti video za kwaya hapa Morogoro, na kila ninaposimamisha kamera nakutana na swali lilelile: huyu mtu anaanza kuimba, kwa nini anaimba?

Jukwaani hakuna anayeuliza. Umelipa kiingilio, taa zimezimwa, bendi unaisikia ikijipanga, utake usitake watu wataimba. Mwimbaji akimaliza mnapiga makofi, naye anayasubiri yapoe ndipo hadithi inaendelea. Kamera haina adabu hiyo. Inamsogelea mtu mpaka unaona jasho puani, nyuma yake barabara ya kweli na bodaboda ya kweli inapita, halafu vyombo visivyoonekana vinalia na yeye anafungua mdomo. Mtazamaji anacheka, hata kama wimbo ni wa kilio.

Waongozaji wakubwa wa Marekani wamehangaika na jambo hili miaka nenda rudi. Bob Fosse alipoigeuza Cabaret, mchezo wa klabu moja ya Berlin, kuwa filamu mwaka 1972, alizing'oa karibu nyimbo zote zilizokuwa zikiimbwa nje ya klabu. Ndani ya klabu watu wanaimba kwa sababu ndiyo kazi yao, hakuna wa kushangaa. Aliubakiza wimbo mmoja tu wa nje ya klabu, ule wa kijana wa Kinazi kwenye bustani ya bia, wazee na vijana wakisimama mmoja mmoja kuufuata, na ndio unaotisha kuliko zote. Rob Marshall kwenye Chicago alipita njia nyingine: nyimbo nyingi zinatokea kichwani mwa Roxie, mwanamke aliyefungwa kwa kuua. Yeye anaota kuwa nyota, kwa hiyo akikaa gerezani au mahakamani, akili yake inapageuza papo hapo kuwa jukwaa lenye taa na wacheza ngoma. Ni ujanja mkubwa. Tatizo langu ni kwamba nikiitazama nauona ujanja.

Sasa njoo kwa Sarafina. Mchezo huu wa binti mwanafunzi wa Soweto, mtaa wa weusi Johannesburg enzi za ubaguzi wa rangi, ni wa Mbongeni Ngema, na kwenye nyimbo alikuwa na mpiga tarumbeta Hugh Masekela. Ulianza Market Theatre ya Johannesburg mwaka 1987, mwaka uliofuata ukawa Broadway, New York. Leleti Khumalo, binti aliyeucheza jukwaani, ndiye huyohuyo tunayemwona kwenye filamu ya Darrell Roodt, safari hii akiwa na Whoopi Goldberg kama mwalimu wa historia na Miriam Makeba kama mama wa Sarafina. Kamera wakaipeleka Soweto kwenyewe.

Tazama wanaimba wapi. Wanafunzi waliovaa sare wanaimba Sala ya Bwana shuleni. Nani aliyesoma shule zetu akauliza kwa nini? Tulikuwa tunaimba mstarini kila asubuhi, tukitaka tusitake. Baadaye wenzao wanauawa, kuna mazishi, majeneza yanabebwa na umati unaimba huku unakwenda kwa mchakamchaka. Hapo napo hakuna ndoto wala klabu iliyotafutwa ili wimbo upate pa kukaa. Watu wa Soweto waliimba shuleni, msibani na kwenye maandamano kabla Ngema hajaandika mstari hata mmoja. Yeye aliutoa wimbo mtaani akaupandisha jukwaani, na filamu ikaurudisha mtaani ulikotoka. Chicago haikuwa na mtaa wa kurudi. Naamini ndiyo maana Roodt hakuhitaji ujanja mwingi.

Hili silisemi kwa kusoma tu. Mama yangu alipika jikoni Mazimbu, nje kidogo ya mji, kwenye chuo cha ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kilichoitwa Solomon Mahlangu, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya vijana waliokimbia kwao baada ya polisi kuwapiga risasi wanafunzi wa Soweto Juni 1976. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. ANC walikikabidhi kwa serikali yetu mwaka 1992, mwaka uleule filamu ilipotoka. Mama alirudi nyumbani na nyimbo ambazo maneno yake hakuyaelewa, akawa anaziimba akichambua mchele. Alituambia kwamba wale vijana wakizika mwenzao, na wengi wamelala palepale Mazimbu, waliimba tangu mwanzo wa safari mpaka udongo wa mwisho, tena kwa kupangilia sauti kama walifanya mazoezi wiki nzima. Kanda ya Sarafina ilipotufikia, kwa jirani mwenye deki, mama alikaa kwenye mkeka mbele kabisa. Kwenye mazishi aliimba nao. Jirani akamwambia, "Mama, tuachie tusikie." Akajibu, "Na mimi ndiyo nasikia hivyo."

Simaanishi filamu yote ni safi. Ngoma zake zilipangwa na Ngema pamoja na Michael Peters, yule aliyepanga uchezaji wa Thriller na Michael Jackson. Sarafina anapojiona nyota na watoto kuanza kucheza kwa mpangilio wa kwenye video, mimi natoka nje ya Soweto. Wachezaji hawana kosa, wanacheza vizuri ajabu. Ila ni jukwaa lililobandikwa juu ya mtaa, na gundi inaonekana.

Tena kuna lile la konstebo Sabela, polisi anayechomwa moto na wanafunzi. Kwenye jukwaa moto huwezi kuuwasha hivihivi; unausimulia, unauimba, na kila aliyekaa kwenye kiti anauwasha mwenyewe kichwani. Kwenye filamu watoto wanammwagia mtu petroli na unaona. Mama hakuweza, alitoka nje. Wapo waliosema filamu haiwezi kukuonyesha hayo, na mateso ya kituo cha polisi, halafu ikakurudisha kwenye kucheza. Mimi ningesema inaweza, ila ilipaswa kukaa kimya muda mrefu zaidi kabla ya wimbo unaofuata. Jukwaani mwigizaji anahisi ukumbi haujapumua, anasubiri. Kwenye filamu anayesubiri ni mhariri, na mhariri ana haraka.

Jambo ambalo hakuna mwongozaji angeweza kulizuia ni kalenda. Mwaka 1987 Mandela alikuwa jela. Mchezo ulikuwa na wimbo wa Masekela wa kudai arudishwe, na wanafunzi wa kwenye hadithi wanaandaa igizo la siku atakayotoka, Sarafina akimwigiza yeye. Ukumbini kila mtu alikuwa akiomba kitu ambacho hakijatokea. Halafu tarehe 11 Februari 1990 akatoka. Filamu inafika 1992, binti yuleyule anaongea na picha ya Mandela ukutani, nasi tulioko kwenye mkeka tunajua majibu. Maombi yamekuwa kumbukumbu. Nyimbo zikabaki zilezile, ila uchungu wake ukahama: sasa unawalilia wasioiona siku hiyo.

Nayasema haya kwa sababu usharika mmoja umeniomba nigeuze igizo lao la Pasaka kuwa filamu. Kawaida yetu ni kurekodi studio, kisha tunaweka spika bustanini na wanakwaya wanafuatisha midomo, sare mpya, maua nyuma. Mwalimu wa kwaya anataka hivyohivyo. Nimemwonyesha Les Misérables ya mwaka 2012, ambayo Tom Hooper aliwaimbisha waigizaji palepale mbele ya kamera, piano ikiwafikia masikioni kwa vifaa vidogo, okestra ikaongezwa baadaye. Nilimwekea Anne Hathaway anavyoimba huku anakatika pumzi. Akaniambia, "Kaka, huyo dada anaharibu sauti." Nikamwambia huyo dada alipewa Oscar. "Basi wamempa kwa huruma."

Tumefikia hapa: nyimbo za furaha wataimba kwa spika, kama walivyozoea. Wimbo wa wanawake wakienda kaburini tutaurekodi makaburini kwenyewe, alfajiri, wakitembea, bila kinanda. Kina mama walikubali kabla sijamaliza kueleza. Wao kuimba makaburini wamezoea. Kilichobaki ni mzee wa usharika anayetaka malaika ashuke kwa kamba.