Kontroboksi ikifa usiitupe

Mwezi wa tano Volkswagen Golf 5 ya mzee mmoja mstaafu wa Tabata ililetwa kwangu ikivutwa kwa kamba. Ilikuwa na kontroboksi mbili, yaani kompyuta za injini, moja imefungwa chini ya waipa na nyingine kwenye buti, na zote za kununua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Nimeshatumia laki saba na gari halitembei."

"Linawaka?"

"Linawaka, halafu linazima palepale. Kama mtu aliyeitika, akagundua aliyeitwa si yeye."

Sijawahi kusikia imobilaiza, ule mfumo wa gari wa kuzuia wizi, ikielezwa vizuri namna hiyo. Nikamuuliza: ile ya zamani iko wapi? Mzee akamwangalia kijana wake, kijana akaangalia chini. Walikuwa wamewauzia watu wa vyuma chakavu. Boksi lake ni la alumini, na alumini ina bei.

Tatizo hili nakutana nalo mara nyingi, na chanzo chake naona ni Toyota. IST nyingi za kwanza, zile zenye ufunguo wa chuma mtupu, kontroboksi ikifa unakwenda Ilala, unatafuta yenye namba ileile inayoanza na 89661, unachomeka soketi, safari inaendelea. Watu wakazoea. Sasa mtu anahamia Golf au BMW na mazoea yake anahama nayo.

Kwenye Golf 5 ufunguo, dashibodi na kontroboksi zina siri yao. Ukifungua swichi zinaulizana. Injini inaachiwa ingurume sekunde moja au mbili, na jibu sahihi lisipokuja inakatwa, huku taa ya imobilaiza ikimetameta. Kontroboksi ya mtumba inaweza kuwa nzima kabisa, ila bado inamtambua mwenye gari wake wa zamani huko ilikotoka. Fundi wa kwanza hakulijua hilo. Akamwambia mzee kwamba spea aliyonunua ni mbovu, akanunulishwa nyingine. Hiyo ya pili nayo ikawaka na kuzima.

Nikawaambia waende kuitafuta ile ya zamani. Siku ya pili waliipata ndani ya gunia, imechanganywa na sufuria zilizotoboka. Muuzaji alipoona wanavyoitaka akapandisha mpaka elfu thelathini. Nilisema kwenye simu: lipeni, msibishane.

Ilipofika nikajua kilichoiua kabla ya kuifungua. Golf 5 wameiweka kontroboksi chini ya kioo cha mbele, ndani ya mfereji unaopitisha maji ya mvua kwenda kwenye matundu ya pembeni. Mzee anaegesha chini ya mwarobaini. Vijani vile vidogo vikajaza matundu, masika yakaja, mfereji ukageuka beseni. Ndani pini zilikuwa na ukungu wa kijani, na upande wa umeme bodi imeungua mpaka nyeusi. Kuifufua isingewezekana.

Lakini sikuhitaji ifufuke. Kontroboksi hii ni Bosch, familia ya MED9, na siri ya gari inakaa kwenye chipu ndogo ya miguu minane, eipromu, ndogo kuliko punje ya mahindi. Mwili wa boksi unaweza kufa na chipu hiyo ikabaki na kila kitu: namba ya chesisi, siri za imobilaiza, na mengine ambayo gari limejifunza. Nikaitoa kwa hewa moto, nikaisafisha kwa spiriti, nikaisoma. Nikaisoma tena. Mafaili mawili hayakufanana.

Hapa ndipo watu wanapoharibu kazi. Ukisoma mara moja ukaridhika, unaweza kuandika takataka. Mguu mmoja wa chipu ulikuwa bado na kutu. Nikausugua kwa brashi na kuupaka lehemu mpya, nikasoma mara tatu, na yote matatu yakafanana herufi kwa herufi. Ndipo nikanywa chai.

Kati ya zile mbili za kununua nilichagua ya pili. Ya kwanza namba ya Bosch ilikuwa sawa lakini programu yake tofauti, ya pili ilikuwa sawa kote. (Namba ya Bosch ikianza na 0 261 ni ya petroli, 0 281 ni ya dizeli. Nimeshaletewa ya dizeli kwa gari la petroli, mtu anaapa kwamba soketi inaingia.) Kwanza nikahifadhi data zake za asili kwenye kompyuta, maana ukikosea uwe na pa kurudi. Halafu nikaandika data za mzee, nikazisoma upya kuhakikisha, nikafunga. Betri niliiwekea chaja, kwa sababu betri ya mzee ilikuwa imechoka na sikutaka umeme uyumbe wakati mashine inaongea na gari.

Swichi. Taa ya imobilaiza ikawaka, ikazima yenyewe. Injini ikaguruma. Sekunde moja, mbili, tano. Kijana alikuwa anahesabu kwa sauti, alifika arobaini ndipo baba yake akamwambia anyamaze.

Si kila boksi lina huruma hii. Nyingi ya zile mpya zaidi za Bosch, familia za MED17 na EDC17, kumbukumbu imo ndani ya prosesa, ile chipu kubwa inayofikiri, na hapo prosesa ikiungua hakuna chipu ya pembeni ya kuokoa. Na jambo jingine: usiniletee kontroboksi peke yake kwenye mfuko wa rambo. Nataka gari lenyewe, kadi ya gari, na namba ya chesisi inayolingana na niliyoisoma ndani. Vifaa hivihivi vinapendwa na wezi, na nina familia.

Ile ya kwanza, yenye programu tofauti, muuzaji alikataa kuipokea tena. Mzee ameniachia, ipo juu ya kabati, bado inamsubiri mwenyewe wa huko ilikotoka.

Nilimwonyesha mzee matundu ya maji na kumsisitiza ayasafishe. Juzi nimempigia kumkumbusha. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, gari ameshalitoa kwenye mwarobaini, sasa analiegesha chini ya mwembe.