Mizani Saba

Shairi langu la kwanza lilikaa miezi minne ndani ya daftari la chama, katikati ya michango ya kila wiki na majina ya waliochelewa kulipa. Nilikuwa katibu wa kina mama wauza omena, dagaa wa Ziwa Victoria, pale Dunga, Kisumu. Kazi hiyo alinipa shangazi yangu, kwa sababu nilikuwa nimemaliza shule na nimekaa tu.

Nililianza Aprili 2014, uvuvi wa omena ulipofungwa, kama kawaida, hadi mwisho wa Julai. Beti sita za tarbia, mistari minne kila ubeti, mizani (yaani silabi) nane kwa nane, na kibwagizo: "Omena zimekwisha, tutauza nini sasa?" Hebu hesabu. O-me-na-zi-me-kwi-sha. Saba! Nikitanguliza "nazo" zinakuwa tisa. "Zimetoweka" ingetimiza nane, ila ingeniharibia kina, maana ukwapi wote, kile kipande cha kwanza cha mstari, nilikuwa nimeufunga kwa "-sha". Shairi la namna hiyo wajuzi huliita guni, na kwa mtu wa bara anayegusa kazi ambayo watu wa pwani wameilea karne na karne, sikuona tusi kubwa kuliko hilo.

Halafu kina chenyewe! Wajaluo wengi, nami nimo, "sha" hututoka "sa". Shule ya msingi niliwahi kusoma "shamba la shangazi" mbele ya darasa, wenzangu wakacheka mpaka mwalimu naye akacheka. Kwa hiyo usiku nilikuwa nateremka ziwani kufanya mazoezi, vyura wakiwa ndio wasikilizaji: chosha, komesha, maisha.

Siku ya mkutano wa Agosti, shangazi alikuwa akitafuta deni lake kwenye daftari, akakutana na kurasa zisizo na shilingi hata moja.

"Hii ni nini, nyathina?" Yaani, mwanangu.

"Ni shairi, shangazi. Halijakamilika. Mizani imepungua."

"Mizani ya nini? Sisi tunapima kwa mkebe wa gorogoro."

Akasimama, akatangaza kwamba katibu ana neno.

Ubeti wa kwanza hata sikujisikia. Mate yalikauka, karatasi ikatetemeka, nikasoma kama mtu anayekimbizwa. Nilipofika kwenye kibwagizo mara ya pili, mama mmoja aliyekuwa akichambua omena akakidaka, wenzake wakaitikia kwa ile sauti yao ya kanisani: "Ome-e-na zimekwisa..."

Nane. Waliivuta hiyo "me" bila kuambiwa na mtu. Nilibaki mdomo wazi, wakalazimika kunikumbusha niendelee. Beti zilizobaki nilizisoma polepole, nikingoja zamu yao.

Nilipomaliza, mama yule wa kuchambua akainua mkono.

"Katibu, umeandika tunaanika omena kwenye mkeka."

"Ndiyo, mama."

"Mkeka wa nani? Mkeka ni wa kulalia wageni. Hapa tunaanika kwenye neti."

Vicheko vikazuka, wa nyuma wakataka nirudie ubeti huo wausikie vizuri, mwingine akauliza kama nimewahi kuanika hata kisahani kimoja. (Sikuwa nimewahi.) Wakaamua nirekebishe, kisha niwasomee tena mkutano ujao.

Mkeka una mizani tatu, neti mbili. Nikachomoa kalamu, nikafuta mkeka.