Nauli za London zimepanda, Oyster yangu ya zamani siitupi

Kila nikitoa mfukoni Oyster, ile kadi ya kujaza pesa na kulipia nauli London, hakosekani mtu wa kunishauri niitupe. "Mjomba, siku hizi watu wanagusa kadi ya benki tu, au simu. Hiyo ya nini tena?" Huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Walthamstow, na wenzake wote wanaimba wimbo huohuo. Kwa kijana anayekwenda kazini kila siku labda ni sawa. Lakini ushauri huo wanaupokea pia wazee wenzangu wanaofika London mara mojamoja, na unawala pesa bila wao kujua. Mimi nimekaa nikapiga hesabu, na kadi yangu siitupi.

Naishi Leicester, mji ulio mbali na London. London huenda kumwona dada, kumwona binti yangu aliyeolewa Richmond, na kwenye misiba na arusi. Kuna wakati miezi inapita sijakanyaga huko. Ndiyo maana nauli zikipanda sisi tunapata habari tukiwa tumeshafika getini. Machi 2025 nauli za treni za chini ya ardhi zilipanda kwa wastani wa asilimia 4.6. Basi lilibaki paundi 1.75. Wakati huohuo Senior Railcard, ile kadi ya punguzo ya treni kwa waliotimiza miaka 60, nayo ikapanda kutoka paundi 30 kwa mwaka hadi 35. Nilikasirika, nasema wazi. Lakini hiyo ya pili nililipa, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza kadi yenyewe. Oyster yangu ni ya zamani sana, nyuma yake pembeni chini haina ile herufi D, kwa hiyo programu ya simu haiikubali. Ilikuwa imelala kwenye droo pamoja na funguo zisizojulikana za wapi. Niliposhuka kituo cha St Pancras, London, nikaenda kwenye mashine ya tiketi, nikaiweka juu ya kisomaji cha njano, na kioo kikaonyesha paundi kumi na kitu. Pesa yangu ya miaka ile, yote ipo. Salio la Oyster halina tarehe ya kuisha. Basi pekua droo zako kabla ya kununua kadi mpya, maana ada ya kadi mpya hairudishwi, na kila nikiuliza nakuta imepanda.

Sasa jambo lenyewe ambalo vijana hawalisemi. Ukigusa kadi ya benki getini, geti halijui kama una Railcard. Linakukata nauli nzima. Oyster inaweza kuunganishwa na Railcard, na baada ya hapo unakatwa pungufu kwa theluthi moja nje ya saa za msongamano, kwenye treni za chini ya ardhi, treni ndogo za DLR, treni za Overground na za Elizabeth line, na treni nyingine za ndani ya London. Hata kikomo cha siku, yaani kile kiwango ambacho ukikifikia hukatwi zaidi, nacho kinashuka kwa theluthi nje ya saa hizo.

Mashine peke yake haiunganishi, lazima mhudumu. Na hapa nilisumbuliwa. Kituo cha kwanza kijana aliyesimama kando ya geti alinitazama, akaitazama kadi, akaniambia hilo jambo halipo, nifanye kwenye intaneti. Nikamwambia nimelisoma. Akasema basi ni la wanafunzi tu. Mtu mwingine angekata tamaa hapo. Mimi nikashuka kituo kilichofuata, nikamwona mama mmoja mtu mzima mwenye sare, nikamwamkia vizuri, nikamwonyesha Railcard na Oyster. Hakuuliza swali hata moja. Aligusisha kitambulisho chake kwenye mashine, ukatokea ukurasa ambao sisi abiria hatuuoni. Akaniambia, "Weka hapo, usiiondoe mpaka nikuambie." Akachagua aina ya Railcard, akaandika tarehe ya kuisha, mashine ikafikiri kidogo, kwisha. Muda wa kunywa nusu kikombe cha chai haukufika. Kwa hiyo ukiambiwa haiwezekani, usibishane, nenda kwa mhudumu mwingine.

Angalia aina ya Railcard yako lakini. Ya wazee inakubalika, ya vijana wa 16-25 na ya 26-30 pia, na ya watu wenye ulemavu. Ile ya Two Together ya watu wawili haiungi kwenye Oyster, wala ile ya familia. Na hiyo Railcard utembee nayo, mkaguzi akiitaka uionyeshe.

Je, paundi 35 zinarudi? Kwa treni za mjini peke yake, kwa mtu wa safari chache kama mimi, sidhani. Zinarudi kwenye treni ya Leicester kwenda St Pancras, ambako theluthi moja ya tiketi ni pesa ya kuonekana. Punguzo la Oyster linakuja juu yake. Mtu asiyepanda treni za mbali afikiri kabla ya kuinunua.

Saa za msongamano ni za Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, kisha saa kumi jioni hadi saa moja usiku. Kinachohesabiwa ni saa unayogusa kuingia, kwa hiyo nikifika getini saa tatu na dakika ishirini na kitu nasimama pembeni, namwacha anayeharakisha apite. Jioni kuna nafuu wengi hawaijui: ukitoka kanda ya nje kuingia kanda ya 1, yaani katikati ya mji, katika saa hizo za jioni, unakatwa nauli ndogo ya nje ya msongamano, maana wakati huo umati unatoka mjini.

Sasa ujanja ninaojivunia kuliko wote. Kutoka kwa dada Walthamstow Central kwenda kwa binti Richmond, njia inayokujia kichwani ni kupita katikati ya mji, na kompyuta nayo inadhani hivyohivyo. Inaona umeingia Walthamstow, inaona umetokea Richmond, inakukata nauli ya kupita kanda ya 1, ambayo ndiyo ghali. Mimi napanda treni ya chini ya ardhi ya Victoria line hadi kituo cha Highbury & Islington, nashuka, nahamia treni za Overground za Mildmay ambazo zinazunguka kaskazini mwa mji na kufika Richmond moja kwa moja. Njiani kuelekea jukwaani kuna kisomaji cha rangi ya waridi. Wengi wanakipita wanadhani ni cha watu maalum. Nakigusa kwa Oyster ileile. Hakifungui geti lolote na hakikati hata senti. Kazi yake ni kuweka ushahidi kwamba nilipita hapa, sikuingia kanda ya 1. Nikigusa kutoka Richmond nakuta nauli imeshuka kwa kama paundi moja hivi, kisha theluthi yangu inatoka juu ya hiyo nauli ndogo. Siku ya kwanza nilirudi kwenye mashine kutazama orodha ya safari zangu ili nihakikishe kwa macho, nikasimama pale nikiisoma mpaka mtu nyuma yangu akakohoa. Safari ni ndefu kidogo, lakini unakaa kitini na unaona mji badala ya ukuta mweusi.

Mpwa wangu naye yakamkuta. Aliingia kwa simu, akiwa ndani chaji ikaisha, akatoka kwa kadi ya plastiki ya akaunti ileile ya benki. Yeye alijua akaunti ni moja, basi safari ni moja. Mfumo haukuona hivyo. Uliona mtu mmoja aliyeingia hakutoka, na mwingine aliyetoka hakuingia, ukawakata wote wawili nauli ya juu kabisa. Akaja nyumbani amefura. Nikamsaidia kuandika madai, maana safari isiyokamilika unaweza kuidai. Ulichoingilia ndicho utokee nacho, hata kama akaunti ni moja. Na Oyster usiiweke pochi moja na kadi ya benki ukagusisha pochi nzima, kisomaji kitachukua kadi yoyote kitakayoiwahi.

Kwenye basi Railcard haisaidii, na pesa taslimu hazipokewi tangu Julai 2014. Lakini ukishalipa nauli ya basi, ndani ya saa moja unapanda mabasi mengine bila kukatwa tena, mradi ugusishe kadi ileile kila unapopanda. Hata ukichukua treni katikati, haki hiyo haipotei. Basi unagusa kuingia tu, kutoka hugusi. Dada yangu sasa anakwenda sokoni na kurudi kwa nauli moja, akijipanga.

Mtu akihuisha Railcard, akumbuke Oyster haijui. Punguzo linakatika tarehe ileile iliyoandikwa na yule mhudumu, na inabidi umrudie mhudumu akuandikie mpya. Mimi tarehe yangu nimeibandika kwa karatasi nyuma ya kadi.